Nyumba ya Kupangisha England: Ikinge na Baridi Kabla Sheria Haijakubana

Waswahili wenye nyumba za kupangisha Uingereza si wachache siku hizi. Wapo walionunua nyumba ya pili wakiwa bado kazini Reading au Leicester, na wapo waliokwisha kurudi Dar es Salaam, Mombasa au Unguja wakaiacha nyumba mikononi mwa wakala, kodi ikiingia benki kila mwezi. Wote hao, popote walipo, wanadaiwa jambo moja na sheria: nyumba wanayompangisha mtu iweze kushika joto. Wengi hulijua deni hilo siku wakala anapokataa kuitangaza nyumba, au mpangaji anapopeleka malalamiko kaunsili.

Mwongozo huu ni wa mwenye nyumba England, na sehemu kubwa ya kanuni zake inahusu Wales pia. Scotland na Ireland ya Kaskazini zina taratibu zao. Kama wewe ni mpangaji, soma vilevile, kwa kuwa haki nyingi zilizomo humu ni zako.

Sheria inataka nini

Msingi ni kanuni za mwaka 2015 kuhusu matumizi ya nishati katika nyumba za watu binafsi za kupangisha. Kila nyumba hupimwa na kupewa cheti cha nishati, ambacho mitaani kinajulikana kwa kifupi chake, EPC. Cheti hicho huiweka nyumba katika daraja, kuanzia A ambalo ni bora kabisa hadi G ambalo ni la mwisho. Nyuma ya kila herufi kuna alama: C huanzia alama 69, D 55, na E 39. Chini ya 39 uko F au G.

Tangu tarehe 1 Aprili 2018 hairuhusiwi kumwingiza mpangaji mpya, wala kuhuisha mkataba wa aliyepo, katika nyumba ya daraja F au G. Tangu tarehe 1 Aprili 2020 marufuku hiyo inawahusu hata wapangaji wa miaka mingi ambao mkataba wao haujaguswa. Kiwango cha chini, basi, ni E.

Kaunsili ndiyo inayosimamia. Ukipangisha nyumba isiyofikia kiwango kwa muda usiofika miezi mitatu, faini inaweza kufika pauni 2,000. Ukizidisha hapo, inaweza kufika pauni 4,000. Ukiandika uongo kwenye daftari la misamaha, kuna hadi pauni 1,000. Jumla kwa nyumba moja haivuki pauni 5,000.

Zingatia kwamba kanuni hizi hazikuambii uweke sufi ya kuzuia joto ya unene fulani darini. Zinataka daraja, nawe ndiye unayechagua njia ya kulifikia. Hapo ndipo wengi hupotea. Huokota alama za bei rahisi, balbu hapa, kidhibiti cha boila pale, nyumba ikapanda kwenye karatasi huku mpangaji akiendelea kulala na koti.

Na daraja E halikukingi na sheria nyingine. Chini ya Sheria ya Nyumba ya mwaka 2004, baridi kali ndani ya nyumba ni miongoni mwa hatari ambazo kaunsili huzikagua, na inaweza kukuamuru kwa maandishi ufanye matengenezo. Sheria nyingine ya mwaka 2018, inayotaka nyumba iwe inafaa kukaliwa na binadamu, inampa mpangaji wa England haki ya kukupeleka mahakamani mwenyewe bila kusubiri kaunsili. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2018 kwamba joto ndani ya nyumba wakati wa baridi lisishuke chini ya nyuzi 18 za Selsiasi. Ukitaka kipimo cha kujipima nacho, kichukue hicho.

Jua nyumba yako ilipo

Kabla ya kumwita fundi, tafuta cheti cha nyumba yako. Vyeti vyote viko kwenye daftari la serikali mtandaoni, na ukiwa na msimbo wa posta wa nyumba unakiona bure. Cheti hudumu miaka 10. Tazama mambo matatu: tarehe ya mwisho, daraja, na orodha ya mapendekezo. Orodha hiyo inaonyesha kila kazi inayoshauriwa, makisio ya gharama yake, na alama ambazo nyumba itapata kazi ikikamilika. Hiyo ndiyo ramani yako.

Kama cheti kimepitwa na wakati, mwite mpimaji mwenye kibali. Siku hiyo usiache mambo yaende yenyewe. Mpimaji huandika anachokiona na anachothibitishiwa kwa nyaraka. Asichokiona hukikadiria kwa umri wa nyumba, na makadirio hayo kwa nyumba kuukuu huwa mabaya. Ikiwa ukuta ulijazwa kihami joto miaka ya nyuma, mpe cheti cha dhamana. Ikiwa sakafu ilifanyiwa kazi, mwonyeshe picha zilizopigwa kabla haijafunikwa pamoja na risiti. Hakikisha mlango wa darini unafunguka. Wapo wenye nyumba waliolipia kazi nzuri wakakosa alama zake kwa sababu hakuna aliyehifadhi karatasi.

Anza juu

Katika nyumba isiyo na kihami chochote, karibu robo ya joto hupotelea paani na karibu theluthi hupenya kwenye kuta. Lakini kazi ya darini ni rahisi kuliko ya ukutani, gharama yake ni ndogo, na haimhamishi mpangaji. Kwa hiyo anza huko.

Kipimo kinachoshauriwa kwa sufi ya kioo au ya mawe ni milimita 270. Nyumba nyingi zina sufi, lakini ni ile ya zamani, nyembamba, iliyokandamizwa na masanduku ya miaka. Chukua rula, panda, pima sehemu kadhaa. Ukikuta milimita 100 ambazo bado ni kavu na nzima, huna haja ya kuing'oa. Ongeza juu yake. Fundi hutandika tabaka la kwanza katikati ya boriti, kisha tabaka la pili kwa kukatiza juu ya boriti zenyewe, ili mbao nazo zifunikwe zisiwe njia ya kupitishia joto.

Kuna mambo ambayo fundi mwenye haraka huyasahau, nawe uyakague kabla ya kumlipa:

Pembezoni, pale paa linapokutana na ukuta, lazima ibaki nafasi ya hewa kupita. Ikizibwa, unyevu unakwama darini na mbao za paa zinaanza kuoza.

Tangi la maji baridi hufunikwa juu na ubavuni, lakini chini yake hapawekwi sufi, ili joto kidogo kutoka chumbani liizuie barafu. Mabomba yote yavalishwe. Dari ikishazuia joto, nafasi ya juu yake inakuwa baridi kuliko zamani, na bomba lililo wazi linaweza kuganda na kupasuka.

Taa zilizozamishwa darini ziwekewe vifuniko maalumu visivyoshika moto, na nyaya za umeme zisizikwe ndani ya sufi bila fundi umeme kuridhia, maana waya uliofunikwa hupata moto kupita kiasi.

Mlango wa kupandia darini nao uwekewe kihami upande wa juu na mpira wa kuzuia upepo pembeni. Kama mpangaji anatumia darini kuweka vitu, mbao za kuwekea zinyanyuliwe juu ya sufi. Sufi iliyokandamizwa hupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake.

Ukikuta popo darini, simamisha kazi. Popo wanalindwa na sheria Uingereza, na kuwafukuza au kuwafungia njia ni kosa la jinai. Utaratibu wa kufuata upo; uliza kwanza.

Jambo moja zaidi kuhusu paa: jihadhari na wanaogonga milango wakitaka kupuliza povu chini ya vigae. Povu hilo huzificha mbao zisikaguliwe, linaweza kufungia unyevu, na benki nyingi husita kutoa mkopo kwa nyumba iliyopulizwa. Siku ya kuuza utajuta.

Kuta: jua aina yake kabla hujatoboa

Nyumba za England zina kuta za aina mbili kuu. Zilizojengwa kabla ya miaka ya 1920 kwa kawaida zina ukuta mzima wa matofali, usio na nafasi ndani. Zilizofuata nyingi zina kuta mbili zilizosimama sambamba, katikati pana uwazi. Ukitaka kujua yako, simama nje utazame matofali. Yakiwa yote yamelazwa kwa urefu, huenda ukuta una uwazi. Ukiona mengine yameonyesha kichwa, mafupi kati ya marefu, ukuta ni mzima. Pima pia unene pale dirishani: ukuta wa matofali unaozidi milimita 260 huenda una uwazi.

Ukuta wenye uwazi hujazwa kwa kutoboa matundu madogo nje na kupuliza kihami ndani, kisha matundu huzibwa. Nyumba ya kawaida humalizika kwa siku moja, na mpangaji halazimiki kuhama. Hata hivyo uwazi ule haukuwekwa bure. Uliwekwa ili mvua inayopenya tofali la nje isifike ndani. Ukijaza uwazi wa ukuta wenye nyufa, au wa nyumba inayopigwa na mvua ya upepo moja kwa moja kama zile za pwani ya magharibi, unaweza kuyajengea maji daraja la kuvukia. Kwa hiyo mtake fundi achungulie ndani ya ukuta kwa kamera, aondoe uchafu wa saruji ulioangukia humo, na matofali na michirizi ya maji irekebishwe kwanza. Kazi ikishafanyika, dai dhamana ya maandishi. Kampuni za kazi hii hutoa dhamana ya miaka 25 kupitia chombo cha nje, si kwa ahadi ya fundi mwenyewe ambaye kesho huenda amefunga ofisi.

Ukuta mzima ni kazi nzito zaidi. Unaweza kuuvalisha kwa ndani kwa mbao za kihami, ambazo hula nafasi ya chumba na kulazimisha soketi, rediata na fremu zisogezwe. Au unaweza kuuvalisha kwa nje, ambako mara nyingine huhitaji ruhusa ya mipango miji, hasa katika maeneo ya hifadhi. Kwa nyumba kuukuu, chagua vifaa vinavyoruhusu ukuta kutoa unyevu. Ukuta wa matofali na chokaa hunywa maji na kuyatoa. Ukiufunga kwa plastiki, maji yanabaki ndani.

Tahadhari hii ina ushahidi. Oktoba 2025 ofisi ya ukaguzi wa hesabu za serikali ilitoa ripoti kuhusu nyumba zilizofanyiwa kazi chini ya mipango ya ruzuku, na kuonyesha kwamba asilimia 98 ya nyumba zilizovalishwa ukuta kwa nje zilikuwa na kasoro kubwa zinazohitaji kurekebishwa. Ruzuku ilikuwepo, na bado kazi iliharibika. Usilipe malipo ya mwisho bila mtu mwingine huru kuikagua kazi.

Sakafu na mianya

Nyumba nyingi za zamani zina sakafu ya mbao iliyoning'inia juu ya nafasi tupu. Kihami huwekwa kati ya mbao, kikashikiliwa na wavu. Matofali yenye matundu yaliyoko chini ya kuta za nje yasizibwe kamwe, hata kama upepo wake unakera. Ndiyo yanayokausha mbao za sakafu.

Kisha ziba mianya: chini ya milango, tundu la barua, ukingo wa sakafu na ukuta, mahali mabomba yanapoingia. Hizi ni kazi za pauni chache ambazo mpangaji anazihisi usiku uleule. Lakini usizibe tundu la hewa lililowekwa kwa ajili ya jiko la kuni au kifaa cha gesi, maana hewa yenye sumu ya kaboni monoksidi huua bila harufu. Kwa England, tangu tarehe 1 Oktoba 2022 ni lazima kuwe na king'ora cha hewa hiyo katika kila chumba chenye kifaa kinachounguza nishati kilichofungwa hapo, isipokuwa jiko la gesi la kupikia.

Joto bila hewa ni kuvu

Desemba 2020, katika mji wa Rochdale, alifariki mtoto wa miaka miwili, Awaab Ishak, baada ya kuishi muda mrefu katika nyumba iliyojaa kuvu. Familia yake ilikuwa ya wahamiaji, na ililalamika mara nyingi. Kosa liliegemezwa kwenye namna walivyoishi. Mchunguzi wa vifo alihitimisha mwaka 2022 kwamba kuvu ndiyo iliyomuua. Sheria yenye jina la mtoto huyo ilianza kuwabana wenye nyumba za jamii tarehe 27 Oktoba 2025, ikiwawekea muda maalumu wa kushughulikia unyevu na kuvu, na Sheria ya Haki za Wapangaji ya mwaka 2025 inafungua njia ya kuileta kwa wenye nyumba binafsi.

Soma somo lake vizuri. Kuvu huota pale hewa ya joto yenye unyevu inapogusa mahali pa baridi. Ukiweka kihami kila mahali ukasahau kona moja, unyevu wote utaikimbilia kona hiyo. Ukiziba mianya usiweke njia ya hewa, mvuke wa bafuni na wa jikoni hauna pa kutokea. Kila kazi ya kuzuia joto ifuatane na feni ya kutolea hewa inayofanya kazi kweli: bafuni iweze kutoa lita 15 kwa sekunde, jikoni juu ya jiko lita 30. Iunganishwe na nje, si darini.

Usimwambie mpangaji aache kupika maharage au kufua nguo. Watu wanaishi, na kuishi kunatoa mvuke. Ni juu yako kuijenga nyumba inayoweza kuubeba.

Gharama, fundi na msamaha

Kwa sasa hulazimiki kutumia zaidi ya pauni 3,500, VAT ikiwemo, ili kuitoa nyumba F au G. Fedha ulizotumia kwa kazi za aina hii tangu tarehe 1 Oktoba 2017 zinahesabiwa, na ruzuku pia. Ukishafikisha kiwango hicho na nyumba bado haijafika E, unaweza kuandikisha msamaha. Vivyo hivyo ikiwa kazi ya bei ya chini kabisa iliyopendekezwa inazidi pauni 3,500, ila utahitaji makisio ya mafundi watatu. Au mtaalamu akithibitisha kwa maandishi kwamba kihami cha ukuta kitaiharibu nyumba. Au mwenye idhini, kama vile mpangaji au mamlaka ya mipango, akikataa. Misamaha mingi hudumu miaka mitano. Haiji yenyewe: usipoiandikisha kwenye daftari la serikali, huna msamaha. Na nyumba ikiuzwa, msamaha haumfuati mnunuzi.

Hadi tarehe 31 Machi 2027, fundi anayekufungia vihami joto katika nyumba ya makazi hukutoza VAT ya asilimia sifuri. Ukinunua vifaa mwenyewe dukani, unalipa VAT kama kawaida, hivyo omba bei ya kazi na vifaa kwa pamoja. Tafuta fundi aliyesajiliwa na TrustMark, chombo cha ubora wa mafundi, uulize kaunsili kuhusu ruzuku zilizopo, na kumbuka kwamba mara nyingi ruzuku hutegemea kipato cha mpangaji, si chako. Mpangaji naye, tangu tarehe 1 Aprili 2016, ana haki ya kukuomba kibali cha kuboresha nyumba kwa ruzuku au kwa fedha zake, nawe huwezi kukataa bila sababu ya msingi.

Usilenge E. Mwaka 2025 serikali ilitoa mapendekezo ya kupandisha kiwango hadi C ifikapo mwaka 2030. Kama utapandisha fundi darini mwaka huu, mfanyishe kazi itakayokusogeza C, usije ukalipa mara mbili.

Mpangilio wa kazi

1. Tafuta cheti mtandaoni, usome daraja na mapendekezo.
2. Rekebisha kwanza yanayovuja: vigae, michirizi, nyufa, mabomba.
3. Darini hadi milimita 270, tangi na mabomba yakivalishwa.
4. Kagua kuta, kisha amua kujaza, kuvalisha au kuandikisha msamaha.
5. Sakafu na mianya.
6. Feni za bafuni na jikoni, wakati uleule wa kazi, si baadaye.
7. Picha, risiti na dhamana zihifadhiwe, kisha mwite mpimaji atoe cheti kipya.

Mpe mpangaji taarifa ya maandishi angalau saa 24 kabla ya fundi kuingia, na panga siku inayomfaa. Nyumba ni yako, lakini makazi ni yake.

Wengi wetu tulipofika nchi hii tulianza kwa kupanga, na twajua chumba kisichoshika joto kinavyomfanya mtu achague kati ya chakula na mita ya gesi. Leo ukiwa wewe ndiye mwenye nyumba, usingoje barua ya kaunsili wala kilio cha mzazi mwenye mtoto anayekohoa. Uliye karibu, panda darini na rula wiki hii. Uliye mbali, mwandikie wakala leo akupimie na akutumie picha, kisha kazi ianze kabla ya Oktoba, baridi haijaingia.